Mwongozo kamili: Kutumia emoji na mpenzi aliye mbali bila kugombana

Nina kibanda cha vocha na vifaa vya simu hapa Ngamiani, Tanga. Siku hizi wateja hawaniletei matatizo ya bando peke yake. Binti wa Makorora ananinyooshea simu: "Dada, hebu nisomee hii, amekasirika au anatania?" Mchumba wake yuko Maskati, amemjibu meseji ndefu kwa 🙂 moja basi. Kabla jua halijazama anakuja mwingine na lake, hilohilo, ila yeye ametumiwa 😤.

Mimi siwezi kukuambia mchumba wako amemaanisha nini. Aliyetuma ndiye ajuaye, na kama hamkupatana kabla, hata yeye anaweza kuwa hakufikiria. Hapo ndipo wengi wanapoangukia: wanatumia emoji kama maneno yenye maana moja kwa kila mtu, halafu wanalala na kinyongo.

Nazungumza jambo lililonipata. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akitoka Tanga safari ya Lubumbashi, wiki zinapita sijamtia machoni. Tumegombana naye kwa sababu ya kapicha kadogo kama punje ya mchele. Tulipokaa tukapanga, tukapumua. Utaratibu wetu ni huu. Ufuateni kwa mpangilio wake. Wengi hurukia hatua ya tatu moja kwa moja, na baada ya wiki mbili wamerudi kibandani wamenuna.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu zenu zote mbili, zenye chaji. Yako mkononi, yake huko aliko.
- Daftari dogo la karatasi na kalamu, kila mmoja lake. Simu ikipotea au ikiingia maji, kamusi yenu isipotee nayo. Pia karatasi unaweza kuifungia kabatini.
- Bando au salio la kuongea kwa sauti nusu saa bila kukatika. Kazi hii haifanyiki kwa kuchati.
- Meseji zenu za mwezi uliopita. Usizifute, hata zile zinazokuuma.
- Saa mliyokubaliana, ikitajwa kwa saa ya Tanga. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, Zambia na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mume wangu akivuka Tunduma kuingia Nakonde, simu yake inajirudisha saa nyuma yenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakaa nangoja simu ya saa tatu, nayo inaingia saa nne, na mimi nimeshavimba.

## Hatua ya 1: Hakikisheni mnaona kitu kimoja

Emoji haisafiri kama picha. Kinachosafiri ni namba, na simu ya mpokeaji ndiyo inayochora picha kwa namna yake. Samsung inachora kivyake, iPhone kivyake. Ndiyo maana uso ulioutuma ukiwa na kicheko cha upole unaweza kumfikia mwenzio ukiwa na kicheko cha kejeli. Hakuna aliyekosea.

Fanyeni hivi. Chagueni emoji kumi mnazozitumia sana. Mmoja azitume zote, kila moja kwa mstari wake. Mpokeaji apige skrinshoti na kuirudisha. Halafu mbadilishane zamu. Wekeni picha mbili sambamba na mzitazame kwa makini, mkizikuza kwa vidole.

Zile zinazotokea kama kiboksi kitupu, au kiboksi chenye alama ya X, zifuteni kwenye maisha yenu. Hizo ni emoji mpya ambazo simu ya upande wa pili haizijui. Kwa mfano 🥹, ule uso unaojizuia kulia, ulitoka mwaka 2021. Simu ya zamani isiyopata masasisho haitauonyesha. Nimemwona mama mmoja akilia kwamba mumewe anamtumia "viboksi vya dharau". Mume alikuwa anatuma mikono yenye umbo la moyo.

Sasa tazameni 😪. Watu wengi hapa huituma kumaanisha machozi. Lile tone halitoki jichoni, linatoka puani. Ni kipovu, kwa sababu vibonzo vya Kijapani humchora mtu aliyelala akiwa na kipovu puani. Jina lake rasmi ni uso wenye usingizi.

Kwangu mimi hiyo ilileta balaa. Usiku mmoja mume wangu aliandika: "Nimefika Tunduma 😪". Mimi nikaona chozi. Nikajua kuna ajali, au kuna mtu kafa, au wamemwibia mzigo. Nikapiga simu mara kumi na moja. Haipokelewi. Nikamwamsha mama mkwe, tukakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri, tasbihi mkononi. Saa moja asubuhi akapiga, sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini: "Mama, kuna nini? Mbona nilikwambia nalala?" Na kweli alikuwa ameniambia.

Dalili ya kufaulu hatua hii: mna orodha ya emoji ambazo nyote mnaziona sawasawa, na kila mmoja ameweza kusema kwa mdomo kilichochorwa.

## Hatua ya 2: Anzeni na hali, msianze na emoji

Fungueni meseji za mwezi uliopita. Kila mmoja atafute mahali pale mambo yalipoanza kuharibika, siyo yalipolipuka. Aandike kwenye daftari kwa maneno ya kawaida: "Nilikuwa naendesha, akadhani nimempuuza." "Alisoma, tiki zikawa za bluu, hakujibu mpaka usiku." "Nilimtania habari ya wifi, akaumia."

Mtashangaa jinsi zilivyo chache. Sisi tulipata nane. Binti wa Makorora na mchumba wake walipata tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa jambo lilelile la kusoma bila kujibu.

Tahadhari moja hapa. Msianze kuhukumiana. Ukisoma meseji ya tarehe fulani ukaanza "na siku ile ulisema," daftari limefungwa. Tafuteni tukio, mliandike, mpite.

## Hatua ya 3: Tungeni kamusi yenu, kwa sauti

Hapa ndipo penye kazi, nanyi msiharakishe. Pigianeni simu. Kila hali mliyoiandika mtaipa emoji moja. Moja tu, na emoji hiyo isitumike kwa jambo lingine tena baina yenu.

Sisi watu wa pwani tusiseme hatulijui jambo hili. Chukua kanga. Ikiwa imekunjwa dukani, jina lake ni maneno tu yaliyopigwa chapa. Akikununulia mumeo, jina hilohilo ni mahaba. Wifi yako akiivaa siku ya shughuli na kukupitia mbele mara tatu, ni vita. Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni nani kampa nani, lini, na baada ya neno gani. Bibi zetu walikuwa wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana mtu alichagua jina la kanga kwa siku nzima kabla ya kutoa zawadi. Emoji nayo ichagueni hivyo.

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote katika mwongozo huu: chagueni vitu, msichague nyuso. Uso unasomwa kwa moyo wa msomaji. Akiwa na furaha ataona tabasamu, akiwa na mashaka ataona kebehi kwenye uso huohuo. Kitu hakina moyo. Lori ni lori tu.

Hii ndiyo kamusi ya nyumbani kwangu, si mje kuinakili bali muone jinsi inavyotungwa:

🚛 Niko barabarani, usipige. Nikisimama nitakutafuta.

👍 Nimesoma lote, nimekubali. (Zamani nilikuwa naiona ni dharau. Niliwahi kumwandikia habari ndefu ya ada ya mtoto, akanirudishia dole gumba, nikamnunia siku tatu. Kumbe kwake yeye ilikuwa ni neno la heshima: "umesema sawa, nalipa." Tulipoiweka kwenye kamusi, uchungu ukaisha.)

⏳ Nimesoma, siwezi kujibu sasa, nitajibu leoleo.

🌼 Nimekukumbuka. Huna haja ya kujibu. Asumini yenyewe sijaiona kwenye kibodi, basi tumemkabidhi huyu kazi yake.

🧂 Nimetia chumvi. Natania, usichukulie.

👥 Kuna watu karibu, usitume mambo yetu.

🌶️ Nimeudhika. Mapenzi yako palepale, ila leo lazima tuongee kwa sauti.

🍊 Nimepita Muheza.

Nane zinatosha. Msizidishe kumi, maana kamusi inatumika mtu akiwa amechoka, mkono mmoja umeshika chai, na akili iko kwenye foleni ya mpaka. Asichoweza kukumbuka saa nane usiku hakina faida.

Ile ya ⏳ ndiyo ninayoisisitiza kwa kila anayekuja. Tiki mbili za bluu zimevunja watu wengi kuliko matusi. Mtu anaona umesoma, anaanza kuhesabu dakika, na kila dakika anaijaza na maneno yake mwenyewe. Glasi ya mchanga moja inamwambia: nimekuona, subiri. Lakini ina deni ndani yake. Ukiituma halafu usijibu siku hiyo, umeiua, na itabidi mtafute nyingine. Mume wangu aliwahi kuisahau mara moja tu, akaniomba radhi kwa sauti, na toka hapo huandika kwa wino kiganjani kama mtoto wa shule.

🌶️ nayo ina masharti yake. Anayeituma haruhusiwi kuongeza neno la shutuma baada yake. Anayeipokea haruhusiwi kuuliza "nimefanya nini tena?" kwa meseji. Wote wawili wanasubiri saa ya kuongea. Pilipili ikishatumwa, kibodi inapumzika.

Mkimaliza, kila mmoja aisome kamusi yote kwa sauti, mwenzie akisikiliza. Mmefaulu ikiwa hakuna hata moja iliyohitaji maelezo ya pili. Kama mlibishana juu ya moja, iondoeni msiipatanishe. Kuna maelfu nyingine.

## Hatua ya 4: Neno kwanza, emoji baadaye

Ukiacha zile za kwenye kamusi, ambazo zimepewa ruhusa ya kusimama peke yake, emoji nyingine zote ni viungo. Huwezi kumpa mtu bizari peke yake ukasema umempikia pilau.

Jipime hivi kabla ya kutuma: funika emoji kwa kidole. Maneno yaliyobaki yana maana? Mwenzio atajua uko wapi, una hali gani, unataka nini? Kama hapana, ongeza maneno.

Angalia hii: "Sawa 🙂". Ukiifunika, inabaki "Sawa", neno ambalo mwanamke wa Kitanga anaweza kulisema kwa namna saba na sita kati ya hizo ni hatari. Sasa hii: "Sawa baba, nimekuelewa, kesho nitaenda benki. 🌼" Hapa hakuna pa kupotelea.

Kuhusu wingi: moja, au mbili ukizidiwa. Dada mmoja alikuwa akimtumia mumewe mabusu kumi kila usiku, 😘 mpaka mwisho wa mstari. Siku aliyochoka akatuma mawili. Mume akapiga simu kutoka Mtwara kuuliza yale manane kapewa nani. Aliumia kweli, na mimi simlaumu. Alikuwa amezoeshwa kipimo. Mapenzi yakiwekwa kwenye hesabu, siku ya upungufu itafika.

Rangi za mioyo pia ziwekeni wazi mapema. Kuna watu wanaamini ❤️ ni mapenzi, 💛 ni urafiki, 🖤 ni kuachana, na kuna wengine kwao rangi ni rangi tu. Hapa kwetu kuna la ziada: kijani na njano ni Yanga, nyekundu na nyeupe ni Simba. Ukimtumia 💚 mume wa Simba jioni ya watani wa jadi, ujue amesoma habari ya mpira. Sisi tunatumia mwekundu tu, mambo yamekwisha.

Na vijana mnaochumbiana na watu waliowazidi umri, sikilizeni. Ninyi mnatuma 😭 na 💀 kumaanisha mmecheka mpaka basi. Mtu wa rika letu akiona kichwa cha mfu kwenye simu saa tano usiku, anatafuta kanzu ya kwenda msibani. Tumia 😂, ambayo ina machozi ya furaha na kila mtu anaijua.

## Hatua ya 5: Mahali ambapo emoji haiingii kabisa

Ugonjwa. Msiba. Pesa. Mtoto. Kuomba radhi.

Haya matano andika kwa maneno kamili au, bora zaidi, tuma sauti. Sababu ni kwamba anayepokea habari nzito huitazama tena na tena. Anaisoma mara ya ishirini, na kila mara kapicha kako kanasema kitu kipya. "Pole 😢" ya haraka inaweza kumkaa mtu moyoni miaka. Mwenzio akifiwa, andika Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un au Bwana ametoa, kulingana na dini yenu, kisha mpigie. Ikiwa lazima uweke alama ya dua, iwe 🤲 peke yake, mwishoni mwa maneno. 🙏 Watu wengi huisoma kama "tafadhali" au "asante", na kwenye msiba inaweza kusomeka kama haraka ya kumaliza mazungumzo.

Kuomba radhi kuna mtego wake. Mtu anajua amekosa, anaona haya kuongea, basi anatuma 🥺 tatu na ua. Mwenzie naye, kwa kuwa anampenda, anarudisha moyo. Inaonekana yameisha. Hayajaisha, yamefunikwa na kawa, na chakula kilichofunikwa kikiwa moto kinachacha. Nimeona wachumba wa miaka minne wakiachana kwa mambo kumi na mbili yaliyofunikwa hivyo, moja baada ya jingine. Useme: "Nilikosea kukufokea mbele ya dada yako. Nisamehe." Kwa sauti yako. Hata kama inatetemeka, hiyo ndiyo mwenzio anayoisubiri.

Vilevile msigombane kwa kuweka emoji juu ya meseji ya mwenzio, ile ya kubonyeza na kushikilia. Ukiweka 😂 juu ya malalamiko ya mtu umemfungia mlango usoni. Kwenye malalamiko, jibu kwa maneno au weka ⏳ yenu.

Ukishateleza, haraka yako isiwe kufuta. WhatsApp inamwachia mwenzio maandishi "Ujumbe huu umefutwa", na hayo maneno yanazaa maswali kuliko emoji yenyewe. Kama umebonyeza vibaya na dakika 15 hazijapita, tumia hariri, urekebishe. Zikipita, sema tu: "Nimebonyeza vibaya, nilitaka kuweka ua."

## Hatua ya 6: Lindeni mlango

Simu za nyumbani kwetu haziko na mtu mmoja. Mtoto anachezea, mdogo wako anaazima, shemeji anaomba kutazama mpira. Ndiyo kazi ya 👥. Aliyetumiwa hiyo ahamie mara moja kwenye habari za kawaida, bila kuuliza ni nani yupo.

Ijulikane pia kwamba bilinganya 🍆 na pichi 🍑 zimeshapewa maana ya mwili duniani kote. Ukimwandikia baba mkwe kwamba leo umepika bilinganya, andika neno, usiweke picha. Na mambo ya chumbani, hata kwa mafumbo, msiyaweke kwenye kamusi ya daftari. Hayo kichwani kunatosha.

Kuna faida ambayo sisi tuliigundua baadaye. Kila mtu hapa nchini ameshapokea ile meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii". Siku hizi matapeli wanateka hata WhatsApp ya mtu na kuandika kwa jina lake. Mwaka jana niliandikiwa kutoka kwa namba ya mume wangu: gari limeharibika, nitumie laki mbili na nusu kwa namba hii, 🙏🙏🙏. Mikono ile ndiyo iliyonishtua. Mume wangu haitumii. Na tulishakubaliana kwamba pesa haiandikwi na emoji. Nikampigia kwa simu ya kawaida, yuko Makambako anakula, gari zima.

Lakini msiitegemee kamusi kama kufuli. Aliyeishika simu anaweza kusoma meseji za nyuma na kuiga. Habari ya pesa ithibitishwe kwa sauti, siku zote.

## Hatua ya 7: Kama mmoja ana kitochi

Wengi huniuliza hili kwa haya, na hakuna cha kuonea haya. Simu ya kitochi nyingi hazionyeshi emoji, na hata ikionyesha, kuna gharama iliyojificha.

Meseji ya kawaida ya maandishi inabeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu ndani yake, meseji nzima inabadilishwa mfumo na nafasi zinashuka mpaka 70, na emoji yenyewe inakula mbili. Meseji ya herufi 150 iliyokuwa inahesabiwa moja sasa inahesabiwa tatu. Watu wananijia na lawama kwamba kifurushi cha meseji kimeliwa. Nikifungua simu nakuta maua mstari mzima.

Hapo rudini kwenye mambo tuliyoyajua kabla ya simu janja. Tumieni neno fupi moja kwa kila hali: "LORI", "SUBIRI", "PILIPILI". Au kubipu: mlio mmoja nimefika, miwili nipigie ukipata nafasi. Kamusi ni ileile, imevaa nguo nyingine. Dereva naye kubipu asifanye gari likiwa linakwenda. Mlima Kitonga hauna msamaha na mtu anayetazama kioo cha simu, nami nilimwambia mume wangu waziwazi kwamba 🚛 yake inatumwa kabla ya kuwasha injini, au isitumwe kabisa.

## Hatua ya 8: Fungueni daftari kila mwezi

Siku moja kila mwezi, kwa sauti, mpitie kamusi. Iliyochakaa itoeni. Utaijua: mmoja anaituma kwa mazoea, mwingine haisomi tena. Iliyozua ugomvi iangalieni ni emoji yenyewe au ni jambo lililo nyuma yake. Mara nyingi ni jambo, na hapo hakuna emoji ya kuwasaidia, mtaongea.

Kama ameanza kazi mpya, amehama chumba, anaishi na wenzake sasa, hali zimebadilika na maneno yabadilike. Binti wa Makorora alipoambiwa mchumba wake amehamishiwa zamu ya usiku, waliongeza 🌙 kwa maana ya "naingia kazini, lala". Alikuja kunionyesha akiwa na furaha, na safari hii hakuniomba nimsomee kitu.

Mume wangu akitoka safari, huegesha gari pale Muheza kando ya wauza machungwa, nyumba ikiwa imebaki chini ya kilomita 50. Hatumi maneno. Simu inalia, naangalia: 🍊. Naweka maji ya kuoga jikoni, nakuna nazi, nawasha udi, namtuma mtoto dukani kufuata ndimu. Kwenye daftari langu mstari wa mwisho umeandikwa hivi, kwa kalamu ya bluu: "Chungwa – Muheza. Ufunguo wa geti usisahau."